Shira Nyekundu Isiyongoja Moto

Kila asubuhi dada mkubwa alifungua karakana yake ya vioo upande wa barabarani, na dada mdogo akawasha jiko lake la peremende upande wa nyuma. Walipishana bombani, kila mmoja na ndoo yake, na ungedhani kila mmoja amepishana na nguzo. Ni ndugu wa tumbo moja hao. Walikosana juu ya chumba cha mbele alichokiacha mama yao. Mdogo alisema kimechukuliwa kabla machozi hayajakauka, mkubwa alisema aliachiwa kwa mdomo wa marehemu mwenyewe, na tangu hapo hawaivi chungu kimoja.

Kusemezana hawakusemezana, lakini walikuwa na mengi ya kuambiana, na wapelekaji walikuwa binti zao. Kamwambie mama yako mdogo moshi wake unachafua vioo vyangu. Kamwambie mama yako mkubwa vioo havikulazimishwa kukaa hapa. Watoto wengine walikua wakibeba maji, hawa walikua wakibeba maneno, na maneno yenyewe machungu. Haishangazi kwamba nao hawakupendana.

Binti wa mpika peremende aliitwa Chapuchapu. Alikula akiwa amesimama, alijibu maswali kabla hayajakwisha kuulizwa, na viatu vyake havikuwahi kufungwa kamba sawasawa. Binti wa fundi vioo aliitwa Msumari, kwa wembamba wake, na kwa sababu neno lake likishaingia halitoki bila koleo. Walisoma darasa moja. Wakienda shule, mmoja alishika upande huu wa barabara na mwingine upande ule, na gari likipita katikati yao kila mmoja alifurahi kutomwona mwenzake hata kwa muda mfupi.

Muhula uliopita Chapuchapu alivunja hadubini ya shule, na shule ilikuwa na hadubini hiyo moja tu. Wenzake walikuwa wanaizungusha polepole kama walivyofundishwa, yeye akawasukuma, akaizungusha kwa nguvu ili aone haraka, lenzi ikashuka na kupasuka. Mwalimu wa sayansi hakumchapa. Alimwambia kwamba amebakiwa na nafasi moja, nayo ni maonyesho ya sayansi. Akiharibu tena, maabara ataiona kupitia dirishani mpaka amalize shule. Chapuchapu alikipenda chumba kile chenye meza zilizochubuka kuliko alivyopenda kitu chochote shuleni, na maneno yale yalimkosesha raha likizo nzima.

Mwalimu huyo hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku alipofundisha habari za sakafu ya bahari, alichora dunia ubaoni kama kitunguu kilichokatwa: ganda jembamba juu, tabaka nene la kati, na kiini ndani kabisa. Akasema chini ya bahari kuna nyanda za juu zilizojengwa na volkeno, pana kuliko nchi nzima nzima, na watu wanapita juu yake kwa meli bila habari. Akauliza nani anajua zilitoka wapi. Chapuchapu akajibu kwamba mlima ulilipuka. Mwalimu akamwambia kwamba mlima mmoja hauwezi kutapika nchi nzima, na kwamba kukaa kimya ni bure.

Kisha akaeleza mwenyewe. Kule chini kabisa, karibu na kiini, mwamba hupata joto kuliko wenzake. Ukipata joto hutanuka, ukitanuka huwa mwepesi, na ukiwa mwepesi huanza kupanda. Hauyeyuki bado. Ni mwamba mgumu, lakini unasogea taratibu, kwa mwendo kama wa kucha inayoota kidoleni, kwa mamilioni ya miaka. Hupanda kama safu, na kichwa chake hutanuka kama uyoga. Ukikaribia ganda, mgandamizo hupungua, na hapo ndipo sehemu yake huyeyuka na kumwagika kwenye sakafu ya bahari, tabaka juu ya tabaka, mpaka uwanda unainuka.

Mwanafunzi wa nyuma akauliza kwa nini maji ya bahari hayaizimi lava hiyo. Mwalimu akasema kwa mara ya kwanza mwaka huu dawati lile limetoa swali. Maji huigandisha ngozi ya nje tu, ndani inaendelea kutiririka, inapasua ngozi na kutoka tena.

Ndipo akagawa kazi za maonyesho. Alitaka mfano wa safu hiyo: tangi la kioo lililojaa shira nzito, na chini yake shira ileile iliyotiwa rangi nyekundu, ipashwe moto mpaka ipande. Akawataja Chapuchapu na Msumari pamoja. Darasa lilicheka. Msumari akasimama kuomba abadilishiwe mwenzake.

"Mmoja kwao kuna kioo, mwingine kwao kuna shira," mwalimu alisema. "Sikuwauliza kama mnapendana."

Tangi lilikatwa na mama mkubwa mwenyewe. Alilalamika tangu kipande cha kwanza mpaka cha mwisho, lakini mkono wake haukujua kufanya kazi mbovu, na lilipokwisha halikuvuja hata tone. Katikati ya sakafu ya tangi, ambayo ilikuwa ya bati, alibandika mkebe mfupi. Kifuniko cha mkebe kilikuwa na tundu moja katikati, la kutokea shira nyekundu, na vitundu vidogo pembeni vya kuingizia ile nyeupe, isiyotiwa rangi, ishike nafasi yake. Tundu la katikati liliwekewa kizibo chenye uzi. Mshumaa ungewashwa chini ya mkebe, shira ingepata moto, kisha uzi ungevutwa. Shira ilikuwa kazi ya Chapuchapu, kutoka jikoni kwa mama yake, na mama mdogo alituma ujumbe kwamba sukari yake si ya kuchezewa na watu wa vioo.

Jaribio la kwanza waliliharibu mapema. Waliwasha mshumaa, wakangoja, na Chapuchapu akachoka kungoja kabla mshumaa haujachoka kuwaka. Aliongeza mishumaa mingine, akavuta uzi, akaona hakuna kitu, akachokoa kwa kijiti. Tangi zima likawa jekundu. Msumari akamwambia mtu mwenye mikono kama hiyo afungwe kamba. Wakatumia jioni nzima kuosha tangi bila kusemezana.

Jaribio la pili walilifanya maabara siku nyingine baada ya masomo. Mshumaa mmoja, uzi ukavutwa, wakakaa. Muda ukaenda. Chapuchapu alihesabu vioo vya dirisha, akahesabu tena kutoka upande wa pili, akasema jambo hili haliwezekani na mwalimu amelisoma vibaya. Msumari akamwambia akae. Chapuchapu akachukua mkoba wake akaenda zake.

Asubuhi Msumari alimwambia mbele ya darasa kwamba shira ilipanda.

"Ilipanda lini?"

"Ulipoondoka."

"Ehe. Inaniogopa mimi," Chapuchapu alisema. "Inasubiri nitoke ndipo ipande. Wewe ni mwongo, na uongo wenyewe hujui kuutunga."

Neno lile darasa lililipokea kama peremende ya bure. Kabla ya mapumziko Msumari alikuwa na jina jipya, na hakuna aliyemwita tena kwa lile la zamani. Alikaa ameinamisha kichwa siku nzima. Jioni habari ilifika nyumbani, na akina mama wakasemezana ana kwa ana kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na afadhali wangeendelea kunyamaza. Mkubwa alitaka kujua ni nani amempa mtoto wa mwenzake ruhusa ya kumwita mwanawe mwongo. Mdogo alijibu kwamba mtoto huiga nyumbani. Majirani walizima redio wasikilize vizuri. Mwishowe mama mkubwa aliapa kwamba maonyesho yakipita, tangi lile atalipasua kwa nyundo, na watoto wale hawatashirikiana tena hata kwa kalamu.

Tangu siku hiyo hapakuwa na jaribio jingine. Msumari alilinda tangi lake, Chapuchapu alilinda shira yake, na siku za maonyesho zikakaribia. Chapuchapu hakulala vizuri. Aliamini kabisa kwamba shira haitapanda, kwamba Msumari amemdanganya ili amwaibishe mbele ya watu, na kwamba maabara ndiyo inamponyoka. Hakuwahi kujiuliza kama yeye ndiye aliyekosea.

Mtoto wa mpika peremende anajua jambo moja ambalo wengine hawalijui. Shira iliyotiwa maji haikai chini ya shira nzito. Mama mdogo humwaga sufuria nzima ikitokea hivyo, maana ile nyepesi huelea juu na peremende hazishikani. Asubuhi ya maonyesho Chapuchapu alichukua ile nyekundu, akaitia maji ya bomba, akakoroga. Alijiambia kwamba anasaidia tu kidogo, kwamba hata hivyo itapanda, na kupanda ndiko kunakotakiwa. Mtu akitaka kudanganya hakosi wakili, na wakili mwenyewe huwa ni yeye.

Ukumbi ulijaa. Mkaguzi wa kazi za sayansi alikuwa mama mmoja mpima miamba, mfupi, mwenye miwani ya kamba, ambaye alikuwa ameishi miezi mingi melini akitoboa sakafu ya bahari na kutoa mawe yake. Hakutabasamu kwa mtu. Kundi lililotangulia alilikuta na volkeno ya udongo inayotoa povu, akaliambia kwamba hiyo ni sabuni, akapita.

Alipofika kwa ndugu wale wawili, Chapuchapu alieleza kwa kasi, na alieleza vizuri, tuseme haki. Akawasha mshumaa, akavuta uzi papo hapo. Safu nyekundu ikachomoka, nyembamba, imenyooka, kichwa kikatanuka juu yake kama uyoga hasa. Watu wakapiga makofi. Mwalimu wa sayansi, ambaye meno yake hayakuwahi kuonekana, aliyaonyesha. Msumari peke yake alikunja uso, kwa maana alikumbuka alivyongoja siku ile.

Mpima miamba hakupiga makofi. Alimwambia Chapuchapu auzime mshumaa. Ukazimwa. Safu nyekundu ikaendelea kupanda kana kwamba haikuambiwa. Mama yule akaweka kiganja chake kwenye bati, chini ya mkebe, akamwita mwalimu naye aweke chake. Bati lilikuwa baridi.

"Basi hii inapandishwa na nini?" akauliza.

Meno ya mwalimu yakapotea. Akasema kwa sauti ya chini kwamba watoto hawa wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, yeye na shule nzima, na kwamba wote wawili wameaga maabara leo. Akamgeukia Msumari akamwambia kwamba kumbe jina alilopewa na wenzake halikukosea mtu. Machozi yakamtoka Msumari mbele ya darasa lote, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia.

Chapuchapu angeweza kunyamaza. Adhabu imeshagawanywa, na nusu ya aibu ni nyepesi kuliko aibu nzima. Tena aliyekuwa analia ni Msumari, mtu aliyemchukia tangu wakiwa na meno ya utotoni. Aliona haya kutazama upande ule, na haya hiyo ilimkera, na kukereka ndiko kulikomsemesha.

"Yeye hakujua. Mimi ndiye niliyetia maji kwenye nyekundu."

Mpima miamba alimwuliza kwa nini. Akasema kwa sababu isingepanda. Akaulizwa amejuaje kwamba isingepanda, alikaa mpaka mwisho? Hakukaa. Mama yule akavua miwani, akaifuta, akauliza kama kuna shira nyingine. Ilikuwepo, ndani ya debe, ile nyeupe iliyobaki, isiyotiwa kitu. Akaagiza tangi lioshwe na kazi ianzwe upya, na yule wa maji asiguse chochote. Yeye ataendelea na makundi mengine, kisha atarudi. Yule wa maji akae kwenye kiti, atazame.

Hakuna adhabu ambayo ingemuuma Chapuchapu zaidi ya hiyo. Alikaa amekunja mikono. Msumari aliosha, akajaza, akatia rangi, akawasha mshumaa mmoja, akangoja, akavuta uzi bila kumtupia jicho. Watu walipita, wakatazama, wakauliza kama kimeharibika, wakaenda kwenye vitu vinavyowaka taa. Wanafunzi walikuja kumcheka Chapuchapu kwa zamu. Mchana akina mama wakafika, kila mmoja na njia yake, wakasimama upande huu na upande ule wa meza, wakasimuliwa yote na wanaopenda kusimulia. Mama mdogo alimtazama binti yake kwa jicho ambalo binti alitamani liwe kofi.

Chapuchapu alitaka kuondoka mara nyingi. Alibaki, kwanza kwa sababu ameamriwa, baadaye kwa sababu aliona kitu. Juu ya lile tundu palikuwa na uvimbe mwekundu, mdogo kama punje ya mtama. Akadhani macho yamechoka. Uvimbe ukawa kama harage. Haukusogea ukiutazama, lakini ukitazama pembeni na kurudi, ulikuwa umesogea. Kisha ukaanza kunyanyuka, shingo ikafuata chini yake, taratibu, bila haraka yoyote na mtu. Ilipofika katikati ya tangi kichwa kilianza kutanuka. Ilipofika juu kilisambaa kila upande, chembamba na kipana, na chini yake safu iliendelea kuleta nyingine. Chapuchapu hakujua kwamba amesimama.

Mpima miamba alikuwa amerudi. Alishika bati, akaondoa mkono haraka, maana lilikuwa la moto.

"Hii ndiyo," alisema. "Sasa nisikilize wewe uliyetia maji. Hakuna mtu aliyeshuka kule chini akaona safu yenyewe. Sisi tunaosomea tunaokota mawe, tunapima, na mpaka leo tunabishana. Ungeshindwa kwa haki, tungejua kwamba moto ni mdogo au shira ni nzito, na hilo ni jambo la kujua. Ulipodanganya hatukujua kitu. Na wewe mwenyewe ulitoka mjinga zaidi, maana ulikuwa unatufundisha kwamba mwamba hupanda bila joto."

Akaandika kwamba kazi ni sahihi na kundi halipati nafasi ya ushindi, kwa sababu waliokuja kwanza walionyeshwa uongo. Mwalimu hakubisha. Alisema Msumari anabaki maabara, na kwamba amemkosea mbele za watu na anasema hivyo mbele za watu. Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka. Chapuchapu naye atabaki, ila muhula mzima ujao hatagusa chombo. Kazi yake itakuwa kukaa mbele ya jaribio la kila kundi mpaka likwishe, na kusema alichokiona, kiwe kimefaulu au kimeanguka.

Mama mkubwa alikuwa hajamaliza. Alizunguka meza akaja kusimama mbele ya Chapuchapu, na watu wakampisha.

"Mwanangu ameitwa mwongo barabarani, darasani na nyumbani. Mwongo ni nani?"

Mama mdogo alikuwa karibu, na angeweza kumtetea binti yake kama alivyozoea. Safari hii alimwambia amjibu mama yake mkubwa, na ajibu wasikie.

"Ni mimi, mama mkubwa," Chapuchapu alisema. "Yeye alisema alichokiona. Mimi sikuwepo."

"Haya. Lishike hili, na ninyi mnaocheka hapo nyuma mlishike pia," mama mkubwa alisema. "Njia ya mwongo ni fupi, hilo mnalijua. Lisilojulikana ni kwamba mtu asiyetaka kungoja kweli, akiisikia kwa mwenzake huiita uongo. Umemwita mwanangu mwongo kwa sababu alikaa pale ulipoondoka. Nilipolikata tangi hili nilikuwa na hasira na mama yako, tena ningali nazo, lakini sikukata kipande kimoja kwa uongo. Chukia watu ukitaka. Kazi ifanye kwa haki."

Akawaambia wabebe tangi walirudishe karakana, na wakilipasua njiani watamtambua. Kuhusu nyundo hakusema kitu. Tangi lilikuwa zito, lenye shira mpaka nusu, halikubebeka ila kwa watu wawili wanaokwenda hatua sawa, kwa hiyo walilazimika kutembea upande mmoja wa barabara. Chapuchapu alikuwa nyuma, na mara hii mwendo uliwekwa na Msumari.

Walipofika kwenye kona Chapuchapu alimwomba radhi. Msumari hakugeuka. Chapuchapu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua hana haki ya kuuliza, siku ile alipoondoka shira ilipandaje.

"Ilipanda hivihivi," Msumari alisema. "Nilikuita dirishani. Ulikuwa umeshavuka barabara."